Wali Chini ya Kifuniko cha Fedha

Ivy Bagshaw hakuwa mtu wa kumuuliza mgeni ametoka wapi. Alimsubiri aagize mayai. Miaka ishirini na sita alikuwa amesimama nyuma ya jiko la mgahawa wake, kando ya barabara kuu itokayo Buxton, pale malori ya chokaa yanapopunguza mwendo kabla ya kona, na kwa miaka hiyo ukiagiza tu, amekwisha kukusoma. Dereva aliagiza sahani kamili: mayai mawili, soseji mbili, bekoni, maharage ya kopo, nyanya, kipande cha soseji nyeusi ya damu, na mkate uliokaangwa humohumo kwenye mafuta ya bekoni. Karani wa benki aliagiza hayohayo, ila bila mkate wa kukaanga, na maharage yakae mbali na yai. Mwalimu aliagiza yai moja la kuchemsha, halafu akakaa anaichungulia sahani ya dereva kama paka dirishani kwa muuza samaki.

"Huyo ndiye anayenisikitisha," Ivy alikuwa akisema. "Mkate wa kukaanga anautaka, roho inamtoka. Anaogopa tu jirani atamwona."

Waingereza bwana, usiwaone wamekaa kimya kwenye foleni ukadhani wako sawa. Kila mmoja anajua ngazi yake, na ya mwenzake anaijua zaidi. Wakiona unavyolishika yai, wanajua hata shule uliyosoma.

Lakini kulikuwa na watu ambao Ivy hakuwahi kuwasoma, nao ni wale wa juu kabisa, wenye majumba na mbwa wa kuwindia. Hao hawakukanyaga mgahawa wake hata kwa kupotea njia. Asubuhi wanakula nini? Wanakulaje? Wanashiba? Swali hilo lilimwasha tangu utotoni, na si umbea. Alirithishwa na mama yake.

Mama yake, Ada, aliingia kazini jikoni kwenye jumba moja kubwa la Cheshire akiwa na miaka kumi na minne, akatoka na ishirini na saba. Kila alfajiri alipika figo, samaki wa moshi, mayai ya namna tatu, na wali. Ndiyo, wali. Wali mweupe uliochambuliwa ukachanganywa na samaki wa moshi, mayai ya kuchemsha, bizari kidogo na siagi nyingi. Sisi wali wa asubuhi tunauita kiporo na tunaula tukiwa na haraka. Wale mabwana waliutoa India, wakauvalisha chombo cha fedha chenye kifuniko, ukawa chakula cha heshima. Ada aliupika, akaufunika, akamkabidhi mtumishi wa kiume kwenye mlango uliowambwa kitambaa cha kijani ili makelele ya jikoni yasiwasumbue wakubwa. Mlango ukafungwa, basi. Vyombo vilirudi baadaye, mara nusu, mara vitupu, na katika nyumba yenye mbwa wanane nani atajua kilicholiwa na mtu?

"Mpishi hajui chakula chake kimependwa mpaka aone mtu ameinuka kwenda kuongeza," Ada alisema hivyo mpaka anakufa. "Miaka kumi na mitatu, Ivy. Sikumwona mtu akiongeza. Sikumwona hata mtu akila."

Sasa Ivy alikuwa na mtoto mmoja tu, Lorraine. Lorraine alilelewa katikati ya zile meza. Akiwa na miaka minane alibeba sahani mbili kila mkono na kupiga kelele, "Meza ya nne!" kwa sauti iliyowafanya madereva wakae wima. Kisha akakua, akaenda London kupiga chapa kwenye ofisi ya wauza picha za kuchora, na kila aliporudi Krismasi maneno yake yalikuwa yamepanda kidogo kutoka kifuani kwenda puani. Halafu akaja Crispin. Kijana mrefu, mpole, suruali imechakaa magotini, na kwao ni jumba la Wexcombe, huko Herefordshire. Na Oktoba ya mwaka sabini na tatu ikaja barua: Bi Bagshaw anakaribishwa Wexcombe Ijumaa hadi Jumapili, ili wazazi wajuane kabla ya harusi.

Habari ilipofika mgahawani, madereva hawakula kwa amani.

"Ukirudi utuambie, Ivy," alisema Len Tunnicliffe, mzee wa lori la kijani, mdomo umejaa. "Maharage ya kopo wanakula au hawali?"

"Hawali," alidakia mwenziwe. "Wanahesabiwa moja moja na mtumishi."

"Wala hawatafuni. Wanatafuniwa!"

"Nyie acheni," Ivy akasema, huku akimgeuzia Len yai la pili. "Nitaona kwa macho yangu. Nitakuja kuwaambia mpaka rangi ya kijiko."

Kwa jinsi alivyosema ungedhani anatumwa mwezini, na kwa kweli alijisikia hivyo.

Ndani ya treni Lorraine alimkalisha chini. Alikuwa amevaa mkufu wa lulu ambao Ivy hakuwahi kuuona.

"Mama, nisikilize. Kuna mambo matatu."

"Matatu tu? Nilidhani umeleta daftari."

"Usimwite mtu yeyote bata."

Huko kwao Derbyshire kila mtu ni bata. Mtoto ni bata, polisi ni bata, kasisi ni bata. Ni neno la upendo kama mtu anavyosema mpenzi au ndugu yangu, na Ivy alilitamka mara mia mbili kwa siku bila kujisikia.

"Sasa nimwiteje huyo baba mkwe?"

"Meja. Meja Aldwark. Na mke wake ni Bi Cecily. Jambo la pili, usitaje mgahawa. Nimewaambia una shughuli za vyakula."

"Si uongo. Yai ni chakula."

"Na la tatu." Lorraine aligeukia dirisha. "Ni Bibi. Nimewaambia aliishi kwenye jumba kubwa Cheshire."

Ivy aliuweka mkoba wake chini.

"Si uongo, Mama. Aliishi."

"Aliishi darini, na wasichana wengine watatu, na beseni moja la kunawia."

"Mama, nakuomba. Crispin hana neno, hata ukimwambia unafuga nyoka atauliza anakula nini. Lakini mama yake ana jicho. Wakishajua, watanipa tabasamu fulani, na lile tabasamu nitaishi nalo maisha yangu yote. Siku tatu tu, nakuomba."

Ivy alimwangalia mtoto wake. Alikuwa amekwisha kuona kwa jirani yake, mama mmoja mshona nguo, mtoto wake wa kiume alipopanda ngazi. Hakumtupa mama yake, la. Alimtumia kadi, akamtumia picha za wajukuu, na kila mwaka akawa na sababu nzuri ya kutokuja. Ivy alijua kinachopimwa Wexcombe. Akimwaibisha Lorraine, hakuna atakayemfukuza. Atasahauliwa taratibu, kwa adabu, na mtoto mwenyewe ni huyu huyu mmoja.

"Haya," akasema. "Sitamtaja."

Akajisikia kama amemfungia mama yake nje kwenye mvua.

Wexcombe lilikuwa jumba la vyumba thelathini na baridi ya kila namna. Ijumaa jioni walikula supu ya uvuguvugu, na Meja Aldwark, mzee mwembamba mwenye nyusi kama mabua, akajitahidi kuongea.

"Nasikia mama yako aliishi jumba kubwa Cheshire, Bi Bagshaw. Mlikaa upande gani?"

Lorraine aliacha kumeza.

"Upande wa nyuma," Ivy akasema.

"Ah! Upande wa nyuma ndio mzuri. Jua la asubuhi."

"Aliliona kila siku likichomoza," Ivy akajibu, na hapo hakudanganya hata nukta.

Jumamosi aliamka saa kumi na moja kama kawaida yake. Akavaa, akatandika kitanda, akakaa juu yake na mkoba mapajani mpaka saa mbili, kwa sababu Lorraine alimwambia kifungua kinywa ni saa mbili. Kisha akashuka.

Chumba cha kulia kilikuwa hakina mtu. Meza ndefu imetandikwa, chai ipo, mkate wa kuchoma upo, jemu ya machungwa ipo. Na pale ukutani, juu ya meza ya pembeni, viliwekwa vyombo vitano vya fedha vyenye vifuniko, kila kimoja juu ya kitaa chake kidogo cha spiriti cha kukipasha moto. Ivy alivihesabu mara mbili. Halafu akaona, kwenye kona, mlango uliowambwa kitambaa cha kijani.

Moyo ukamlipuka. Hakuhitaji kuambiwa. Maisha yake yote alikuwa akisikia habari za ule mlango, naye sasa yuko upande wake wa pili. Upande wa wanaokula!

Mikono ilimwasha. Alitamani kufunua hata kimoja. Lakini mgeni hafunui vyungu vya watu, na kwake mgahawani aliyethubutu kugusa sufuria alichapwa mwiko vidoleni. Basi akachagua kiti cha katikati, akakaa, akaweka mikono mapajani, akangoja aletewe. Ndivyo ilivyo duniani: mtu akikaa, analetewa.

Meja akaingia, mbwa wake mwekundu nyuma. "Habari za asubuhi," akasema, akafunua chombo cha kwanza, akajipakulia uji wa oti kwenye bakuli, akaunyunyizia chumvi, akaula amesimama dirishani, akiangalia mvua. Amesimama! Ivy karibu aseme kaa chini, utavimbiwa. Alipomaliza uji, Meja akafunua chombo kingine, akachota kijiko kimoja cha kitu, akaketi, akafungua gazeti, akatoweka nyuma yake.

Ivy akanyoosha shingo. Ulikuwa wali. Wali wa Ada, njano yake ileile, yai lake lilelile.

Akaingia Bi Cecily, mwanamke mnene kidogo mwenye uso mzuri wa mtu aliyelala vizuri miaka sitini. Naye akajipakulia yai, akaketi, akafungua gazeti la pili. Vikasikika vijiko tu.

Masikini, Ivy akawaza. Mtumishi amechelewa, nao wanaona haya kwangu, ndiyo maana wanajihudumia wenyewe wamejificha kwenye magazeti. Na yeye kwa huruma akaangalia pembeni ili asiwaaibishe. Ndiyo hivyo, ndugu msomaji. Katika yale majumba, chakula cha mchana unaletewa, cha jioni unaletewa, hata chai ya saa kumi unaletewa. Asubuhi peke yake kila mtu, hata angekuwa nani, anajipakulia, na asiyejipakulia hakuna anayemuuliza. Kila aliyezaliwa juu anajua. Anayejua kutoka jikoni anajua mpaka mlangoni tu.

Robo saa ikapita. Tumbo la Ivy likanguruma, mbwa akainua sikio.

"Ulilala vizuri?" akauliza Bi Cecily kutoka nyuma ya gazeti.

"Vizuri, asante."

Bi Cecily akashusha gazeti, akaona ile sahani tupu. "Naona asubuhi wewe ni mtu wa chai tu."

Ajibu nini? Aseme ana njaa, kama ombaomba? "Ndiyo," akasema.

"Mwenye busara," akasema Meja. "Hayo mambo ya kujaza tumbo siku hizi ni ya wajenzi na madereva wa malori."

Lilikuwa neno la kupita tu, naye akageuza ukurasa. Lakini Ivy lilimwingia. Alimkumbuka Len na mwenziwe, mikono yao iliyopasuka kwa chokaa, wanavyosema asante kwa kila sahani. Kumbe ndivyo wanavyofanya hapa, akawaza. Hawakwambii hutakiwi. Wanakuwekea sahani safi, uma, kisu, kitambaa, halafu wanakuacha uitazame. Hasira alikuwa nayo, aibu alikuwa nayo, na juu ya yote njaa, na bado, Mungu amsamehe, jicho lake moja lilikuwa kwenye sahani ya Meja. Alikula kile kijiko kimoja kama anayemeza dawa. Hakuongeza.

Saa tatu kasorobo mlango ukafunguliwa, wakaingia Crispin na Lorraine wakicheka. Lorraine akaona meza. Akaona sahani ya mama yake inavyong'aa. Kicheko kikakatika.

Ivy akainamisha macho, akajisemea, mwanangu, usiseme kitu, nitavumilia mpaka mchana, nimekwisha kuvumilia makubwa kuliko haya. Alijiandaa kabisa kuona Lorraine akipita, akajipakulia, akaketi mbali kidogo. Wala asingemlaumu.

Lorraine alisimama pale, shingo imekuwa nyekundu, kwa muda ambao Ivy aliuona mrefu kuliko safari ya treni. Kisha akaja, akaichukua ile sahani mbele ya mama yake, akaenda nayo kwenye meza ya pembeni. Kifuniko cha kwanza. Cha pili. Soseji, bekoni, yai. Wali akaujaza vijiko vitatu, ukawa kilima.

"Lorraine, mpenzi," Bi Cecily akasema kwa upole, "asubuhi hapa kila mtu anajipakulia."

"Najua," Lorraine akasema. "Mara ya kwanza nilipokuja nilikaa kiti hicho hicho nusu saa nikingoja, mpaka Crispin alipoamka. Hakuna aliyeniambia. Na mimi sikumwambia mama yangu, maana niliona haya kusema nilichekesha. Kwetu hakuna anayejipakulia. Kwetu mtu akikaa, analetewa."

Na sauti ilikuwa imeshuka. Ilitoka puani ikarudi kifuani, ikarudi Derbyshire, na kabla mtu hajasema neno akaiweka sahani juu ya kiganja kama zamani, akazunguka kiti cha Meja, akapiga kelele: "Meza ya nne!"

Mbwa akabweka. Gazeti la Meja likaanguka kwenye jemu.

"Kula, bata wangu," Lorraine akamwambia mama yake, akaiweka sahani.

"Meza ya nne," Meja akasema polepole, "ndiyo nini?"

"Ni mgahawani kwetu," Lorraine akasema. "Mama ana mgahawa wa madereva wa malori. Mimi nimekua nikibeba sahani. Na bibi yangu aliishi kweli kwenye lile jumba la Cheshire, ila alikuwa jikoni. Hivyo vitu vilivyoko pale, ndivyo alivyopika miaka kumi na mitatu. Nilimwambia Mama asiseme. Nisameheni. Hapana, si nyie. Wewe, Mama, unisamehe."

Bi Cecily akasema, "Aha." Ile "aha" ya Waingereza ina maana arobaini, na sijui hata leo aliitumia ipi.

"Mgahawa?" Crispin akauliza, macho yamemtoka. "Wenye mkate wa kukaanga? Lorraine, miaka miwili tumekuwa tukila saladi London, na wewe una mama mwenye mkate wa kukaanga?"

Ivy hakumsikia. Machozi yalikuwa karibu, na alijua tiba moja tu ya machozi. Akachukua uma, akaonja wali wa mezani kwa wakubwa kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akatafuna tena.

"Ukoje?" Meja akauliza. Alikuwa ameinama mbele, nyusi zimepanda. Alitaka kujua kweli.

Ivy akamtazama Lorraine.

"Mwambie, Mama."

"Umepoa," Ivy akasema. "Vile vitaa havipashi moto, vinakausha tu. Samaki kachemshwa mpaka kafa mara ya pili. Na siagi hamna."

"Bi Pugh wa kijijini anakuja kupika saa kumi na mbili," Bi Cecily akasema, kidogo kwa kujitetea. "Anaviacha hapo, anaondoka."

"Haoni mtu akila?"

"Hapana. Kwa nini aone?"

Ivy akaweka uma chini. Swali lake lilikuwa hapo kwenye ulimi, na lilikuwa na umri kumzidi yeye. "Meja, nikuulize. Mlipokuwa watoto, huu wali mliupenda, au mliwapa mbwa? Niambie kweli, sitakasirika."

Meja Aldwark alifikiri. Alifikiri kama mtu aliyeulizwa jina la mtaa alioishi zamani.

"Figo tuliwapa mbwa," akasema mwishowe. "Wali, hapana. Wali mimi na kaka yangu tuligombania. Nilirudishwa chumbani mara mbili kwa ajili yake. Nilipokuwa shule ya bweni nilikuwa nikilala nauwaza. Sasa," akaitazama sahani yake, "sasa nakula kwa sababu ni Jumamosi."

"Nani alikuwa akiupika?"

Meja akageuka, akautazama ule mlango wa kijani kama ndiyo kwanza auone.

"Sijui," akasema. "Ajabu. Sikuwahi kujua hata jina. Wali ulikuwa upo tu."

Ivy alitaka kumkasirikia. Alikuwa na haki. Lakini mzee alikuwa amekaa pale na jemu kwenye kiwiko cha mkono, kama mtoto aliyekamatwa, na hasira ikakosa mahali pa kukaa.

"Na yeye hakukujua wewe, bata," akasema, kabla hajakumbuka.

Kikombe cha Bi Cecily kikasimama hewani. Kisha, kwa mshangao wa wote, hata yeye mwenyewe nadhani, akacheka puani, akanywa chai yake.

Jumapili Bi Pugh hakuja. Jumapili alikwenda kanisani, na Wexcombe walikula uji. Saa kumi na mbili Ivy alikuwa jikoni kwa watu, mikono ya gauni imekunjwa, na ruhusa alikuwa ameomba. Jiko lilikuwa kubwa kama uwanja na lenye baridi, lakini siagi ilikuwepo, samaki alikuwepo. Akamchemsha samaki kwenye maziwa, moto mdogo, akamtoa kabla hajakasirika. Akauchambua wali kwa uma. Bizari, mayai, na siagi mwishoni kabisa, halafu kitambaa juu yake dakika tano, kama Ada alivyomfundisha kwenye jiko la makaa na wali wa vikombe viwili.

Lorraine akashuka kumsaidia, nywele bado hazijachanwa, bila lulu. "Nibebe?"

"Huu nabeba mwenyewe," Ivy akasema. "Wewe nishikie mlango."

Akapita mlango wa kijani na chombo mikononi. Watatu walikuwa mezani. Crispin akajipakulia, akasema neno ambalo halisemwi mbele ya mama. Bi Cecily akala bila kufungua gazeti. Ivy akaketi mahali pake, sahani yake tupu, safari hii kwa kutaka mwenyewe. Hakula. Alikuwa na kazi.

Alimwangalia Meja. Alimwona anavyoonja, anavyotulia, anavyofumba macho kidogo. Alimwona akila haraka, halafu polepole kwa kuogopa utaisha, akikomba punje za ukingoni kwa ubavu wa uma. Sahani ikawa nyeupe. Meja akaitazama, akatazama huku na huku kama vile kaka yake bado yupo na anaweza kumwahi. Kisha akasukuma kiti, akainuka, akaenda na sahani yake kwenye meza ya pembeni, akafunua kifuniko.

Ivy akaushika mkono wa Lorraine chini ya meza, lakini hakuwa akisema naye.

"Ameongeza, mama," akasema.